Tusajigwe Mwosha Madebe

“Kwanza jiulize,” Esta alisema, debe lake la maji likiwa bado chini ya bomba, “mtu mwenye akili zake anaweza kukuoshea debe la taka, linanuka mpaka nzi wenyewe wanaona haya, halafu ukimuuliza malipo anakwambia, nipe maganda ya ndizi na majivu ya jikoni? Maganda, mwenzangu! Kitu ambacho mbuzi akishiba anakikanyaga.”

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa na raha ndani yake. Upepo wa Oktoba ulikuwa unateremka kutoka mlima Loleza, unawamwagia vumbi kwenye maji, na kila mmoja alikuwa anaziba mdomo wa debe lake kwa kiganja.

“Labda anapikia magadi,” Verediana alisema taratibu. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni, mtoto wake Edmund mgongoni.

“Magadi!” Esta akageuka. “Wewe bado mgeni, Mama Edmund. Umekuja juzi kutoka kwenu Iringa, watu wa hapa Mbeya hujawajua. Nikwambie mimi dada yako: taka za nyumba ndiyo nyumba yenyewe. Humo mna kucha zako, mna mate yako, mna ulichokula na ulichokishindwa. Anayeshika taka zako amekushika wewe. Haya, na yule mtoto wa nyumba ya pili, kuhara kumemwanza lini? Si tangu debe lao lianze kuoshwa na huyo mama yenu? Lisemwalo lipo.”

Verediana alikuwa na tabia ya kusikiliza kwa macho. Aliona Esta akijitwisha debe bila kusahau kuziba maji kwa jani la mgomba, na akaona jinsi wengine walivyotazama upande wa chini wa mtaa, kwenye nyumba ya mwisho, ambako moshi mwembamba ulikuwa unapanda na kuvunjwa na upepo.

Huko ndiko alikokaa Tusajigwe.

Hakuna aliyejua vizuri alianzaje kazi ile. Mtaani walijua tu kwamba siku bwana afya alipopita nyumba kwa nyumba, kofia ngumu kichwani, akaamuru kila jiko liwe na debe la taka lenye kifuniko, watu walitii nusu. Madebe ya mafuta ya taa yalikuwepo, vifuniko vikagongwa kwa bati, lakini kuyaosha hakukuwa na mtu aliyekutaka. Dawa ya kizungu ya kumwagia ilikuwa ya nyumba za maofisa kule juu. Madebe yakaoza. Ukifungua kifuniko unageuza uso. Ndipo Tusajigwe akaanza kupita asubuhi, mjane mrefu, mwembamba, kanga imefungwa juu ya gauni la misheni lililofifia, akiita kwa sauti ya kuvuta: “Leteni madebeee! Leteni vinavyonukaa!” Watoto walimfuata wakiigiza. Akina mama wakamcheka, kisha wakamletea.

Verediana naye alimletea. Tangu afike mjini alikuwa hajapata mtu mzima wa kumwita mama, na yule mwanamke alimsalimia siku ya kwanza kabisa kwa salamu ya kwao. “Kamwene,” alisema, kwa lafudhi ya Kinyakyusa iliyoipinda salamu ile kama jembe lililogonga jiwe. Verediana alikaribia kulia.

Lakini sasa, akirudi kutoka bombani, maji yakimchuruzika shingoni, maneno ya Esta yalikuwa yanamtembea mwilini kama siafu. Anayeshika taka zako amekushika wewe. Aliweka debe chini, akamfungua mtoto, akamlaza, akamwinua tena. Edmund alikuwa anasumbuliwa na meno. Tangu alfajiri alikuwa analia kilio kile kifupi kifupi kisicho na machozi. Verediana akafagia mahali alipokwisha kufagia. Akaenda mlangoni, akarudi. Kuna jambo lilikuwa linamkuna na hakujua liko wapi.

Kisha akalikumbuka. Jana, Tusajigwe alipomaliza kuliosha debe na kulirudisha, hakuondoka mara moja. Alisimama mlangoni, mikono yake imekunjamana kwa maji, akauliza: “Mama Edmund, humu ndani hamjapoteza kitu?” Naye Verediana, anachochea ugali, moshi machoni, akajibu bila kugeuka: “Hapana, mama. Asante.” Tusajigwe akasimama kidogo tena. Kisha akaenda zake.

Kwa nini mtu aulize swali kama lile?

Verediana akainua macho juu ya jiko.

Pale, kwenye msumari uliopigiliwa kwenye boriti, siku zote palikuwa pamening’inia vifurushi viwili vya majani makavu ya mgomba. Kimoja kilikuwa cha chumvi, kimefungwa vilevile kama kilivyotoka sokoni, kimewekwa juu ya moto kisipate unyevu. Cha pili kilikuwa cha nywele za Edmund, zile nywele za tumboni, ambazo Verediana alizinyoa mwenyewe kwa wembe kwa sababu hapakuwa na mama mkwe wa kuzinyoa. Kwao Kalenga, huko Iringa, nywele za kwanza za mtoto hazitupwi. Hufungwa, hutunzwa kwenye moshi zisiliwe na mende, kisha hupelekwa kwa bibi yake, zikafukiwa chini ya kizingiti cha nyumba alikozaliwa baba yake. Mtoto ambaye nywele zake zimepotea ovyo, walisema, ni mtoto asiye na mlango. Liberatus, mumewe, alikuwa utingo kwenye lori la mizigo la Iringa, na mama yake alikuwa amekwisha kumtumia ujumbe mara mbili: Noeli mje, mje na nywele.

Sasa kifurushi kilikuwa kimoja.

Verediana akakishusha. Kilikuwa chepesi. Akakifungua haraka, jani likakatika, na ndani yake mkawa na punje chache za chumvi zilizong’aa, basi.

Akajiona jinsi alivyofanya. Chumvi ilikuwa imekwisha, akaona afadhali atupe jani tupu. Akanyoosha mkono juu kwenye moshi, akavuta kifurushi kimoja, chepesi, akakitupa kwenye debe pamoja na maganda ya ndizi. Vyote viwili vilikuwa vyepesi. Nywele za mtoto mchanga zina uzito gani?

Akaruka hadi kwenye debe, akafunua kifuniko. Harufu ya limau ikampanda puani. Debe lilikuwa safi. Lilikuwa safi mno. Kuta zake za bati zilikuwa zinang’aa, na chini kabisa palikuwa na tabaka la majivu makavu yaliyochanganywa na majani ya mkaratusi yaliyosagwa, ndivyo Tusajigwe alivyoliacha kila mara ili taka mpya zisishike bati. Jana usafi ule ulimfurahisha. Leo aliona ni usafi wa mtu aliyekuwa anatafuta kitu na akakipata.

Alikuwa amepiga magoti, anachambua majivu kwa vidole, ndipo Esta alipoingia kuomba kaa la moto.

“Ee! Mama Edmund, unafanya nini humo?”

Laiti angesema amedondosha sindano. Lakini mtoto alikuwa analia, na Esta alikuwa mtu mzima amesimama mlangoni.

“Nywele za mtoto,” Verediana alisema. “Sizioni. Zilikuwa kwenye jani... nafikiri ziliingia kwenye taka. Nimezitupa mwenyewe, dada, kwa mkono wangu.”

Esta akashika kiuno. “Umezitupa kwa mkono wako. Na nani akazichukua?”

“Usimwambie mtu. Nakuomba.”

“Mimi? Mdomo wangu ni kaburi.”

Kabla ugali wa jioni haujasongwa, kaburi lilikuwa limekwisha kufunguka. Mtaa mzima ulijua kwamba mchawi wa nyumba ya mwisho ameiba nywele za mtoto wa Mhehe. Sehemu ile ya “nimezitupa mwenyewe” ilikuwa imedondoka njiani.

Jioni ileile Mzee Bartholomeo, mwenye zile nyumba, akabisha hodi. Alikuwa fundi seremala, na vumbi la mbao halikuwahi kumtoka kwenye nyusi. Hakukaa.

“Binti, nasikia una shauri.”

“Sina shauri, baba.”

“Wenzio wanasema unalo. Mimi katika mambo haya sina macho. Mimi nina wapangaji. Wakinihama wote kwa ajili ya mmoja, nitakula kuta?” Akakohoa. “Keshokutwa asubuhi nitapita bombani. Ukiniambia yule mama ana vitu vya mwanao, nitamwambia afunge mizigo yake. Ukisema hana, atabaki. Wewe ndiye mwenye mtoto, na neno ni lako. Lakini uliseme mbele za watu, nisije nikaambiwa nimelitunga.”

Alipoondoka Verediana alisimama pale pale, mtoto begani, anambembeleza. Alifikiri juu ya mama mkwe wake amekaa Kalenga kwenye kizingiti, anangoja. Mwaka jana tu, fuvu la chifu wao, Mtwa Mkwawa, liliporudishwa kutoka Ulaya baada ya miaka yote ile, bibi kizee huyo alisimama juani kutwa nzima ndani ya umati, hakuona lolote ila migongo ya watu, akarudi nyumbani ameridhika. “Kitu cha mwili wa mtu hakitulii mpaka kirudi kwao,” ndivyo alivyomwambia Verediana, aliyekuwa bado mchumba. Je, angemwambia nini sasa? Kwamba kitu cha mwili wa mjukuu kimetupwa badala ya jani la chumvi?

Asubuhi iliyofuata ile sauti ya kuvuta ikapita mtaani kama kawaida. “Leteni madebeee! Leteni vinavyonukaa!” Hakuna mlango uliofunguka. Hata watoto hawakuigiza. Walikuwa wamezuiliwa ndani. Verediana alimwona kupitia ufa wa dirisha. Tusajigwe alisimama katikati ya njia, chungu chake cha maji ya majivu kichwani, gunzi la kusugulia mkononi. Akaita mara nyingine, sauti imepungua. Akatazama mlango wa Verediana. Kisha akaendelea kushuka, mgongo umenyooka vilevile, kama mtu asiyetaka chungu kijue kwamba hakuna kazi.

Baadaye kidogo kilisikika kishindo na vicheko vya vijana wakikimbia. Verediana akatoka. Kule chini Tusajigwe alikuwa amechutama anaokota vigae. Maji meusi ya magadi yalikuwa yanatambaa kwenye vumbi. Hakupiga yowe wala hakutukana mtu. Aliokota kigae kimoja kimoja, akakipangusa na kukiweka kwenye upindo wa kanga, utadhani vingeungana tena.

Verediana akarudi ndani, akashindwa kukaa. Alipika uji, ukaungua. Alimnyonyesha mtoto, mtoto akaling’ata titi. Mchana joto lilipopanda, debe la taka likaanza kunuka: vichwa vya dagaa, majani ya kabichi, mabaki ya uji ulioungua. Akaona alioshe mwenyewe, angalau mikono ipate kazi. Akamwaga takataka shimoni, akachukua majivu na maji baridi, akasugua. Mafuta ya dagaa yakatanda kwenye bati kama ngozi. Akasugua kwa mchanga. Harufu ikatoka, ikakaa pembeni kidogo, ikarudi. Nzi wakamzunguka Edmund machoni. Verediana akawafukuza, akaanza kulia, akakasirika kwa kulia.

Akamfunga mtoto mgongoni. Akalitia debe kwapani, lilelile linalonuka, na kushuka nalo hadi nyumba ya mwisho mchana kweupe. Pazia la Esta likatikisika. Alilijua bila kugeuka.

Tusajigwe alikuwa nyuma ya nyumba yake. Palikuwa na migomba michache aliyoipanda mwenyewe, imechanwachanwa na upepo, na mafiga matatu, na bati kuukuu ambalo juu yake maganda ya ndizi yalikuwa yameanikwa, meusi, yamejikunja kama vidole vya watu wazee. Hapo ndipo yalipokwenda. Yalikaushwa, yakachomwa, majivu yake yakatiwa kwenye kikapu na kumwagiwa maji, na yaliyochujika chini ndiyo yale maji makali ya magadi. Verediana aliyatazama yote haya na aibu ikamzidi, kwa maana hapakuwa na cha kutisha, na yeye ameshamsema kwa Esta.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kamwene, mwanangu.” Tusajigwe alilitazama debe, kisha akamtazama yeye. “Umelisugua kwa mchanga.”

“Ndiyo, mama.”

“Mchanga unalichuna bati, harufu inapata mahali pa kujificha. Lete.”

Alikuwa amebakiwa na magadi kidogo kwenye kibuyu. Akalipokea debe kama mtu anavyopokea kitu cha heshima, kwa mikono miwili. Kwanza akalinyunyizia majivu makavu, akaliacha, majivu yanywe mafuta. Akayakung’uta. Akachemsha maji, akayachanganya na magadi, akayamwaga polepole akilizungusha debe, mvuke mchungu ukapanda na macho ya wote wawili yakatoka machozi, jambo lililomfaa Verediana. Kisha gunzi: pembeni, chini, na hasa kwenye ule mkunjo wa mdomo wa bati ambako ukucha tu ndio unaofika.

“Ulijifunzia wapi hivi, mama?” Verediana aliuliza. Siyo alilokuja kuuliza.

“Kwenye vibuyu vya maziwa. Kwetu Rungwe, mimi nilikuwa binti wa kuosha vibuyu. Kibuyu kikibaki na harufu ya maziwa ya jana, ya leo yanaharibika, mama anakuchapa nacho. Magadi, gunzi, kisha moshi.” Alikata limau, akapaka nusu yake kwenye mdomo wa debe. “Mume wangu aliponiacha, Mungu amrehemu, mapafu yake yalikuwa yamekwisha kule kwenye dhahabu za Chunya, nikaja hapa. Chumba nilichopata kilikuwa karibu na shimo la taka. Harufu inalala na mimi, inaamka na mimi. Nikaona, nihame au nioshe? Pa kuhamia sikuwa napo.” Akacheka kidogo puani. “Nikasema basi, nitaliosha debe kama kibuyu. Watu wananishangaa. Mimi nasema, kinachopokea uchafu wa watoto wako kina dhambi gani kisioshwe vizuri?”

Aliwasha majani ya mkaratusi kwenye kigae, kimoja cha vile vigae vya asubuhi, akalifunika debe juu yake. Moshi ukatoka chini ya ukingo, mweupe, wenye harufu ya kifua cha mtoto kinapopakwa dawa. Edmund akapiga chafya. Tusajigwe akageuza uso haraka, akamtazama yule mtoto, kisha akaondoa macho kama aliyegusa kitu cha moto.

“Nina binti yangu mmoja,” alisema akiangalia moshi. “Alinanuswe. Ameolewa na Mhehe kama nyinyi, wako Ipogolo, pale chini ya mji wenu wa Iringa. Ndiye aliyenifundisha kamwene. Ana mtoto wa kwanza. Wananiambia ana meno mawili.”

“Hujamwona?”

“Njia ni ndefu.” Akaupepea moshi. “Huyu wako anatoa la ngapi?”

“La kwanza.”

“Ndiyo maana.”

Wakakaa. Upepo ukachana mgomba. Verediana alijua kwamba debe likimalizika itabidi aondoke, na kwamba kesho asubuhi Mzee Bartholomeo atasimama bombani akingoja neno lake.

“Mama,” alisema, “kuna kitu changu kiliingia kwenye taka.”

“Kitu gani?”

“Kidogo. Kimefungwa kwa jani la mgomba.”

“Chumvi?”

“Siyo chumvi.”

Tusajigwe akasimama, magoti yakalia. Akaingia ndani. Verediana alimfuata kwa macho mpaka gizani mwa jiko, akamwona akinyoosha mkono juu, kwenye boriti, juu ya moto, mahali pale pale ambapo yeye angenyoosha. Alitoka na kifurushi. Jani lilikuwa jipya, limefungwa kwa ukamba wa mgomba, mafundo mawili.

“Lile la kwanza lilikuwa limelowa maji ya maganda,” alisema. “Nikalibadilisha. Zenyewe sikuzigusa kwa mkono. Nilizishika kwa jani.”

Verediana akakipokea, akakibana kifuani, akahisi ule wepesi.

“Kwa nini hukunirudishia?”

“Nilikuuliza. Nilisimama mlangoni kwako nikakuuliza kama mmepoteza kitu. Ukasema hapana.”

“Ungesema basi! Ungesema, nimekuta nywele.”

“Mimi?” Tusajigwe akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. “Mimi mwosha uchafu, ninayesemwa hivi ninavyosemwa, nije mlangoni kwako na nywele za mwanao mkononi? Ungepiga yowe kabla sijafunga mdomo. Kitu kama hiki hakipelekwi, mwanangu. Kinatafutwa. Nikasema, huyu ni mama, atakosa usingizi, atakuja. Nikaweka moto usizimike, kisiliwe na mende.” Akalitazama debe. “Umechelewa kidogo tu.”

Verediana akainamisha kichwa. “Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia Esta. Sikusema umeiba, mama, haki ya Mungu, nilisema zimepotea.”

“Najua. Esta anasimulia vizuri; nilimsikia nikiwa njia ya chini. Hata mimi nilikaribia kujiogopa.”

Verediana akacheka bila kutaka, akajifuta pua kwa pindo la kanga. “Kesho nitamwambia Mzee Bartholomeo. Nitasema mbele yao wote. Nitasema zilikuwa zimetunzwa.”

Tusajigwe akalifunua debe. Moshi ukatoka wote pamoja, ukachukuliwa na upepo. Akalipiga kwa kiganja, likatoa sauti safi. Akatia ndani konzi ya majivu makavu, akayasambaza.

“Sema,” alisema. “Mzee atasikia, nami nitabaki na chumba changu. Lakini wale wa bombani? Watasema nimezirudisha baada ya kumaliza kazi yangu nazo. Utajibu nini?”

Verediana alifikiri. Alimwona Esta amejitwisha debe, kiuno upande, na akasikia kwa masikio yake kabisa sauti ile ikisema neno hilohilo.

“Neno halifuti neno, mwanangu. Linaliongezea majani.”

“Basi nifanye nini, mama? Niambie.”

Mwanamke yule aliosha mikono yake kwenye maji ya limau yaliyobaki, taratibu, kidole kwa kidole, na kuipangusa kwenye gauni, mbele na nyuma. Edmund alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ametoa mkono mmoja nje ya kanga, anafungua na kufumba vidole kuelekea kwenye uso ule mgeni.

“Mwaka wote huu hapa mtaani,” Tusajigwe alisema, “hakuna aliyenipa mtoto nikamshika. Hata kabla ya haya. Wananipa debe.” Akajifunga kanga vizuri. “Kesho asubuhi nitakuja bombani na mimi, na debe langu la maji, kama mtu yeyote. Mwambie mzee ulilonalo. Lakini kwanza, wakiwepo wote, na Esta akiwepo, usiniite, usinitetee. Mfungue tu huyu mgongoni, unipe nimbebe mpaka debe lako lijae.”

Akamkabidhi lile debe la taka, safi, bado lina uvuguvugu wa moshi.

“Lile la maji lijae kabisa,” alisema. “Usilikatize. Na bomba la pale linatoka polepole.”